Keki ya Mchana wa Ramadhani

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa fundi wa kuandika maneno juu ya keki, huniangalia kwa heshima nisiyoistahili, wala keki haiistahili. Hudhani ni sanaa. Mimi nimeifanya miaka mingi na nasema ni upuuzi uliotiwa sukari. Anayekupenda atakwambia kwa kinywa chake, na akiona haya ataandika barua. Lakini anayetaka maneno yake yachorwe juu ya mkate, yasomwe kwa sauti, yakatwe kwa kisu na yaliwe kabla chai haijapoa, huyo mara nyingi hana haja maneno hayo yaione kesho.

Nilijifunza kazi hiyo Diani, miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, jambo ambalo kwa msichana wa Msambweni wakati ule lilikuwa sawa na kuota ndevu. Nikapata kazi kwa mzungu mmoja, mwanamke mjane, aliyekuwa na nyumba chini ya mivinje karibu na ufuo. Alikuwa akiwaokea wazungu wenzake keki za kuzaliwa, za harusi na za kuagana. Kuoka alijua, sina la kumsingizia. Ila kufikia saa nne asubuhi mkono wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka kwa kinywaji, na herufi zake zikawa zinakwenda upande kama kaa. Siku aliponiona nikiandika orodha ya vitu vya dukani kwa mwandiko ulionyooka, alininyang'anya kalamu akanipa koni.

Koni yenyewe ilikuwa karatasi ya mafuta iliyokunjwa, ncha yake ikakatwa kidogo kwa mkasi. Ndani hutiwa sukari ya unga iliyopigwa kwa ute wa yai na matone ya ndimu mpaka ikasimama yenyewe kwenye mwiko. Hiyo ndiyo aisingi. Unaminya kwa kidole gumba, unaiteremsha herufi bila kuigusa keki, na mwisho wa kila herufi unabana pumzi. Basi. Hapana siri nyingine. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nikiwaandikia kwa Kiingereza watu nisiowajua, nikiwatakia furaha nisiyowatakia.

Siku moja niliandika keki ya mbwa. Mbwa alikuwa anatimiza miaka mitatu. Wakaalikana, wakavaa nguo nzuri, wakamwekea keki yake chini barazani, naye akaimaliza kwa mafunda matatu pamoja na jina lake, wakapiga makofi. Mimi na mpishi, mtu mzima wa kutoka Vanga, tulikuwa tumesimama mlangoni mwa jikoni.

"Mwanangu," mpishi akaninong'oneza, "umesoma miaka minane uje umwandikie mbwa?"

Nililokuwa nikifikiri wakati ule, Mungu anisamehe, ni kwamba herufi zilikuwa zimetoka vizuri.

Niliacha kazi nilipoolewa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule pale Msambweni. Nikiulizwa nilimpendea nini, jibu la kweli ni soksi. Walimu wa wakati ule walivaa kaptula za kaki na soksi ndefu hadi magotini, na zake hazikuwahi kuteremka hata siku moja. Nilidhani mtu asiyeteremka soksi hana kitakachomteremsha. Nilikuwa na miaka ishirini; niliyoyajua yalikuwa ya darasani na ya jikoni kwa wazungu.

Tulikaa kwa mama yake. Mavyaa wangu alikuwa mjane, mkulima wa mihogo, mwenye maneno machache, na kila neno lake lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Ni yeye aliyenionyesha kuoka bila jiko la mzungu: sufuria nzito, makaa chini, na makaa mengine juu ya mfuniko, kama tunavyopika mkate wa mayai. Keki iliyopikwa hivyo ilikuwa bora kuliko zote nilizoziona Diani, na haikuwa na haja ya kuandikwa kitu.

Haja ya kuandika aliileta mume wangu. Mwalimu, maana ndivyo nilivyomwita na ndivyo nitakavyomwita hapa, aliwapenda wakubwa kama watoto wanavyopenda sherehe: hakujali ni ya nani. Mkubwa akipita barabarani, yeye alikwisha kusimama. Mkubwa akikohoa, yeye alimpa pole. Nilipokuwa mchumba nilidhani ni adabu. Nilipokuwa mke niliona kwamba adabu ile haikuwahi kumfikia muuza samaki.

Keki ya kwanza kumwandikia ilikuwa ya mkaguzi wa shule, mzungu, aliyekuwa akirudi kwao kabla ya uhuru. Mwalimu alinipa karatasi yenye maneno: KWAHERI BABA YETU MPENDWA. Niliyasoma mara mbili. Mkaguzi huyo huyo, miezi michache nyuma, alikuwa amemwambia mbele ya wanafunzi kwamba Kiingereza chake ni cha jikoni. Siku ile Mwalimu alirudi nyumbani akamtukana yule mzungu tangu magharibi mpaka daku, na haikuwa Ramadhani.

"Mwalimu," nikamwuliza, "amekuwa baba tangu lini?"

"Andika, mke wangu. Mtu anayeondoka hasemwi vibaya."

"Na barua ya kukupendekeza uwe mwalimu mkuu, ameshaiandika?"

Akainama akafunga kamba za viatu vilivyokuwa vimeshafungwa.

Niliandika. Mzungu alipiga picha na ile keki, akala kipande, iliyobaki akampa dereva wake. Barua haikuja. Baadaye bendera ilipopandishwa, Mwalimu alisimama katika uwanja wa mpira akaeleza, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, jinsi wakoloni walivyotunyonya. Wanawake wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa nao juu ya mkeka nikitazama kucha zangu. Tangu siku hiyo nilianza kumdharau mume wangu, na niseme ukweli, dharau ni tamu. Haichoshi kama hasira. Unaweza kupika nayo chakula, unaweza kufua nayo nguo, ukawa nayo siku nzima na mtu asijue.

Ramadhani ya kwanza baada ya bendera iliangukia kaskazi, jua kali, visima chini. Shule ilikuwa imejengewa vyumba viwili vipya vya madarasa, na habari zikaja kwamba mkubwa wa elimu atatoka Mombasa kuja kuvifungua. Hakuwa mzungu tena. Alikuwa mtu wa bara, msomi, na ilisemekana alikuwa na madaraka ya kumpandisha mwalimu au kumtupa. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mzee aliyebakiza muhula mmoja tu kustaafu. Mume wangu alipoyaweka mambo hayo mawili pamoja, usingizi ulimtoka.

Alikuja jikoni nikichambua mchele wa futari.

"Mke wangu, tutamtengenezea keki."

"Ramadhani hii?"

"Mgeni si Mwislamu. Asiye na saumu haifungui. Tutamtengea ofisini, mlango tumerudisha, ale kwa faragha aende zake."

Kwa sheria hakukosea. Mavyaa alikuwa kizingitini akikuna nazi, akasema bila kuinua uso, "Mgeni mpe dafu. Dafu halisemi uongo." Mwalimu akacheka kwa upole wa mtu anayemwonea mama yake huruma. "Mama, wakubwa wa siku hizi wamesoma."

Sukari ya unga aliifuata mwenyewe Mombasa, akavuka Likoni kwenda na kurudi na saumu yake mdomoni. Laiti angefanya vile kwa ajili ya mtoto mgonjwa ningemwona shujaa.

Kisha yakaja maneno. Karatasi ya kwanza ilisema: KARIBU MHESHIMIWA NURU YA ELIMU NA MLEZI WETU SOTE WATU WA PWANI.

"Mwalimu," nikamwambia, "keki haina ukurasa wa pili."

Akaondoa watu wa Pwani. Nikapima kwa kijiti, haikutosha. Akaondoa nuru. Baada ya muda akarudi jikoni akaniomba nuru irudi, aondoke mlezi. Nikakwangua kwa kisu nikaanza upya. Nimeshaandika KARIBU MHESHIMIWA NU, akaja tena, ameonana na karani wa tarafa, ameambiwa kwamba mkubwa huyo hapendi sifa za taa, anapenda kuitwa mlezi. Nikakwangua mara ya pili. Inzi walikuwa wamejaa. Nilikuwa na saumu, koo limekauka, mbele yangu bakuli la sukari ambayo sikuruhusiwa hata kuilamba kidole, na nyuma yangu mwanamume mzima anahema shingoni mwangu akiogopa neno lisikae sawa. Nilimwambia atoke. Akatoka, akasimama dirishani.

Yakabaki haya: KARIBU MHESHIMIWA MLEZI WETU. Rangi nyekundu juu ya nyeupe. Nami sitajifanya mtakatifu. Nilipomaliza nilisogea nyuma hatua mbili nikaiangalia kazi yangu, na M zile tatu zilikuwa zimesimama kama wanajeshi wa gwaride. Nilijua ni za uongo. Nilijua ni za nani na za nini. Nikazipenda vilevile, nikaifunika kwa kawa jipya kabisa, inzi wasiiguse. Ninapomdharau mtu katika habari hii, msomaji aniweke na mimi humo humo.

Mkubwa alikuja karibu na adhuhuri, amechelewa, suti nzito, jasho linamtiririka. Nilitegemea jitu la kutisha. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyesalimia watu kwa mikono miwili, na aliyewapa wazee shikamoo zote bila kuruka hata mmoja. Aliwasikiliza watoto wakiimba, akakata utepe, akatoa hotuba fupi kwa Kiswahili cha bara ambacho kilikuwa hakijali ngeli hata kidogo lakini kilieleweka. Wazazi walikuwa wamekaa chini ya turubai, wanaume upande ule, sisi wanawake upande huu. Khatibu wa msikiti alikuwa kiti cha mbele. Wote wale, tangu khatibu hadi watoto wa darasa la nne waliokuwa wakijaribu saumu zao za kwanza, vinywa vyao vilikuwa vimekauka.

Mwalimu akamnong'oneza mkubwa habari ya ofisini. Nilimwona mkubwa akiingia, na kufumba na kufumbua akatoka, anajipepea kwa kofia.

"Mule ndani ni tanuri!" akasema kwa sauti. "Na kwa nini mnanificha kama mwizi? Leteni hapa nje. Wazazi wote waone."

Nilimwona mume wangu akisita. Lazima niseme hilo, maana ndilo dogo nililo nalo la kumtetea. Alisita kwa muda wa mtu kumeza mate. Kisha akaingia ofisini akaibeba keki kwa mikono miwili, akaja kuiweka juu ya meza mbele ya khatibu, mbele ya mama yake, mbele ya wanafunzi wake.

Mkubwa aliyasoma maneno, akayasoma tena kwa sauti, akafurahi. "Mlezi wetu! Hii ni mwandiko gani? Nani ametengeneza?"

"Imetoka nyumbani kwangu, Mheshimiwa," mume wangu akajibu. Nyumbani kwangu. Kama kwamba kuta ndizo zilizokoroga mayai.

Mkubwa akakata kipande upande wa kati. Akakiinua kwa vidole, akamgeukia Mwalimu, akicheka. "Huko kwetu mwenye chakula anaanza yeye, mgeni aone hakuna sumu. Haya, Mwalimu. Wewe kwanza."

Watu wa bara watatu wanne waliokuwa nyuma yake wakacheka. Upande wetu hakucheka mtu. Nilisikia turubai likipigwa na upepo.

Mwalimu mkuu, yule mzee wa kustaafu, akasimama. Alikuwa na sauti ya taratibu, kila sentensi yake ilichukua muda kuanza. "Mheshimiwa," akasema, "kwa idhini yako, sisi huku katika mwezi huu..."

Alikuwa anamfungulia mlango. Kila mtu aliuona ule mlango. Mume wangu alihitaji kungoja maneno matano tu, pengine manne. Hakungoja. Nilimtazama akiinamisha kichwa kidogo kama mtoto anayepewa dawa, akafumbua kinywa, na mkubwa akamtia kipande chote. Kilikuwa kipande chenye MHE. Aliimeza M yangu, akaimeza H yangu, na nusu ya E ikambakia nyekundu pembeni mwa mdomo.

Sauti ya mtoto mmoja ikatoka katika mistari ya wanafunzi, bila ubaya wowote, kama anayetoa taarifa: "Mwalimu amekula mchana."

Mwalimu mkuu alimaliza sentensi yake, maana alikuwa mtu wa kumaliza sentensi. "...huwa tumefunga, Mheshimiwa. Ni Ramadhani."

Mkubwa alikuwa ameshakata kipande chake. Uso wake ulibadilika. Alimtazama mwalimu mkuu, akamtazama khatibu, akatutazama sisi wanawake, kisha akamtazama mume wangu aliyekuwa bado anatafuna. Kile kipande akakirudisha sahanini polepole.

"Mbona hamkuniambia?" akasema. "Jamani, mbona hamkuniambia? Wazee wangu, nisameheni. Sikujua." Akageuka kwa Mwalimu. "Lakini wewe, Mwalimu. Wewe si Mwislamu?"

"Mwislamu, Mheshimiwa," mume wangu akasema, na makombo yakamtoka.

Mkubwa akampa mgongo. Aliomba keki ifunikwe mpaka watu wafuturu. Aliomba hata maji yake yaondolewe mezani. Akakaa saa nzima nyingine pale juani, suti imemganda mgongoni, bila kutia kitu kinywani, mtu ambaye hakuwa na saumu wala hakutakiwa kuwa nayo. Kati ya watu wote waliokuwa pale siku ile, Mwislamu na asiye Mwislamu, aliyekula alikuwa mmoja tu, na alikuwa wangu.

Tulirudi nyumbani mimi na mavyaa. Keki ilitufuata, imeletwa na mlinzi wa shule, pengo katikati. Magharibi ilipoadhiniwa tulifungua kwa tende na maji. Mwalimu alikaa mbali na mkeka, pembeni, kama mgeni asiyekaribishwa. Mavyaa akanywa maji yake, akafuta midomo, akasema, "Saumu ni yako na Mola wako, siingii. Lakini kinywa hicho nilikizaa mimi." Kisha akaichukua ile keki na sahani yake akaenda kuwamwagia kuku. Kuku walikuwa wameshalala, akawaamsha.

Siku ya pili yake nilimwuliza. Sikuweza kujizuia, nilitaka kumchoma.

"Ilikuwa tamu?"

Alikuwa akisahihisha madaftari. "Sikuisikia ladha," akasema. "Nilimeza tu."

Ningemheshimu zaidi kama angeifaidi.

Mji wetu ulimshughulikia vilivyo. Watoto waliomwogopa sasa walimngoja apite kisha mmoja aseme "keki" kwa sauti ndogo, na wenzake waangue kicheko nyuma ya ua. Wanaume msikitini walimpa mkono kwa ncha za vidole. Wanawake kisimani walinyamaza nikifika, na kimya chao kilikuwa kirefu kuliko kamba ya ndoo. Lakini nisiwasifu hao nao. Ilipofika kumi la mwisho la Ramadhani, walianza kuja kwangu mmoja mmoja kwa mlango wa uani, mayai yamefichwa ndani ya buibui.

"Shoga, nifanyie ile keki. Niandikie Idi Mubaraka. Kwa ile rangi nyekundu."

"Ile ya Mwalimu?" nilikuwa nikiwauliza, na uso wangu mkavu.

"Ee, ile ile."

Nikawaandikia. Siku ya Idi ile, katika nyumba zilizomcheka mume wangu, ziliwekwa mezani herufi zangu zile zile, zikakatwa, zikaliwa, wakaalikana na kusifiana. Nikajua kwamba mji mzima ungefumbua kinywa kama mkubwa angewatilia. Mume wangu alikuwa amewatangulia tu kwenye foleni.

Barua kutoka Mombasa ilikuja baada ya Idi. Mwalimu aliifungua akiwa amesimama, akaisoma, akakaa. Nafasi ya shule yetu alikuwa amepewa mwalimu wa hesabu, kijana mnyamavu ambaye siku ya sherehe kazi yake ilikuwa kuwapanga watoto kivulini. Mume wangu naye alipandishwa. Alifanywa mwalimu mkuu wa shule ya vyumba viwili vya udongo, huko ndani kabisa kupita Kinango, kwa wafugaji, ambako mvua hupita kama mgeni mwenye haraka.

"Nimekuwa mwalimu mkuu," akatuambia.

"Hongera," nikamwambia.

Alikwenda peke yake. Nilisingizia kumwangalia mama yake, ambaye hakuhitaji kuangaliwa na mtu. Kwa miezi kadhaa nilikaa Msambweni nikioka, nikiandika, na nikiifuga dharau yangu kama mbuzi wa maziwa. Barua zake zilikuja na mwandiko mzuri, habari hakuna. Shule inaendelea. Maji ni shida. Nisalimie mama.

Jioni moja mavyaa aliniita tukimenya mihogo.

"Humfuati mumeo?"

"Mavyaa, nitamwangalia vipi?"

"Kama ulivyokuwa ukimwangalia hapa. Unadhani sikukuona? Mimi mwenyewe namdharau, na nimemzaa. Lakini dharau ya mbali haisongi sima. Nenda kamdharau karibu, ale."

Nikafunga mzigo wangu. Nilipanda lori la mahindi mpaka Kinango, na kutoka pale nikatembea na wanawake wawili waliokuwa wakirudi kwao, Wakristo waliohamia huko kulima, wakiongea na mimi Kiswahili kilichonusanusa tu lugha yetu. Walipojua ninakokwenda, mmoja akasema, "Wewe ndio bibi ya mwalimu? Ule mwalimu wa kubeba maji?"

Sikuelewa mpaka nilipofika. Shule haikuwa na kisima. Bwawa lilikuwa mwendo wa saa moja, na watoto wa wafugaji walikuwa wakiacha kuja kwa sababu ya kiu. Mwalimu alikuwa amefunga madebe mawili kwenye baiskeli yake, na kila alfajiri alikuwa akienda na kurudi kabla ya kengele, na alasiri tena. Nilimkuta anayashusha. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Aliponiona alisimama akapangusa mikono kwenye kaptula.

"Umefika," akasema.

"Nimefika. Shikamoo yako nilimfikishia mama, amesema marahaba."

Nikamchotea kikombe cha maji katika debe lake mwenyewe. Akakataa. Ilikuwa Alhamisi. Jirani aliyekuja kunipokea, mwanamke mwenye mbuzi, akaniambia bila kuulizwa kwamba mwalimu hufunga kila Jumatatu na kila Alhamisi tangu alipokuja, jua liwe vipi.

Tulipobaki wawili nikamwuliza, "Unalipa ile siku?"

"Nalipa."

"Siku moja hulipwa kwa siku moja. Unajua."

"Najua."

"Basi hizi nyingine zote za nini?"

Akashika debe la pili akaliingiza darasani. Nami, nikiwa nimesimama pale na kikombe mkononi, wazo lililonijia halikuwa la huruma. Nilijiambia: ehe, amekosa mkubwa wa kujipendekeza kwake huku porini, sasa anajipendekeza kwa Mungu. Nikataka kucheka, na kicheko kikakaribia kunitoka.

Lakini nilimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa akimimina maji kwenye mtungi wa watoto, goti moja chini, anajihadhari tone lisimwagike. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Hakujua hata kwamba mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Niliwasha moto nikapika uji wa mtama, maana ndio uliokuwapo. Jua lilipozama nikamtilia bakuli, nikatandika mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule nikakaa naye. Aliupuliza. Ulikuwa wa moto sana, na hapakuwa na sukari.